Flai Hupimwa kwa Samaki wa Tatu

Samaki wa kwanza si shahidi. Huenda alikuwa na njaa, huenda alikuwa bado mchanga, huenda giza lilikuwa limeanza kuingia akadaka kivuli. Kwa hiyo mtu akinifungulia kisanduku chake, akanionyesha flai na kuniambia kwa fahari, “Hii imenasa,” mimi humwuliza imenasa wangapi, na baada ya hapo ilikuwa katika hali gani. Trauti ana meno madogo makali, mengine yamepangwa juu ya ulimi wenyewe. Samaki wa kwanza huchana, wa pili hulegeza, wa tatu ndiye anayekata kesi. Flai ikitoka kinywani mwa samaki wa tatu ingali na kola yake, waya wake na kichwa chake, hapo nitauliza nani aliyeifunga.

Kwa asiyeijua, flai ni chambo bandia: manyoya, nyuzi na waya zilizofungwa juu ya ndoano ndogo ili samaki aone mdudu, au angalau akumbuke mdudu. Anayetaka Kiswahili kisicho na mkopo angesema “nzi”, lakini ukimwendea fundi wa Nairobi ukamwambia akufungie nzi, atakutazama mara mbili. Mafundi husema flai, na flai haitengenezwi, hufungwa. Neno hilo la kufunga lishikwe vizuri, maana karibu kila kosa nitakalolitaja hapa ni kosa la kitu ambacho hakikufungwa.

Trauti mwenyewe ni mgeni kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye. Wote wawili walibaki huko juu kwenye baridi, kwa sababu maji yakipita nyuzi 20 trauti huanza kuteseka. Pamoja na samaki zikaja flai, na pamoja na flai ikaja kazi ya mikono. Leo flai zinazofungwa Nairobi na viungani mwake husafirishwa kwa madazeni kwenda Ulaya na Marekani, na wengi wa mafundi niliowafahamu hawajawahi kushika fimbo ya kuvulia hata siku moja.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mmoja wao. Mama mzee, sote tulimwita Shosho, aliyekuwa amefunga flai kwa malipo ya dazeni tangu ujana wake, na baada ya kustaafu akawa anafunga nyumbani, dirishani, na jiliwa lake limebanwa kwenye ukingo wa meza ya kulia. Hakuwahi kula trauti. Aliniambia samaki huyo ananuka matope, jambo ambalo nadhani alilisikia kwa mtu. Nilimpelekea flai yangu ya kwanza nikitarajia sifa. Hakuitazama. Aliishika kola, ule mviringo wa manyoya nyuma ya kichwa, kwa kucha mbili, akavuta, na kola yote ikamjia mkononi kama nywele za maiti.

“Vuta kwanza, mjukuu wangu,” akasema. “Macho baadaye.”

Huo ndio mwanzo wa uchunguzi wowote wa flai, na ndio sababu wauzaji wengine hawapendi kukuona ukiufanya. Ishike ndoano kwa mkono mmoja. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili jaribu kuuzungusha mwili wa flai juu ya shina la ndoano, kama unayefungua kifuniko cha chupa. Ukizunguka, hata kwa upana wa unywele, irudishe. Ina maana fundi hakuweka tandiko la uzi juu ya chuma tupu kabla ya kuanza. Alifunga manyoya moja kwa moja juu ya chuma kinachoteleza. Kisha vuta mkia, taratibu, kwa nguvu ambayo ungevutia uzi wa kifungo cha shati. Kisha sukuma kichwa kwa ukucha kuelekea nyuma. Majaribio haya matatu hayamalizi nusu dakika, na flai nzuri haiyasikii hata kidogo.

Siri yake ni mvuto wa uzi. Shosho alikuwa na kipimo chake: katika kila flai kumi, uzi unapaswa kukukatikia mara moja. Ukikukatikia mara tano una mkono wa seremala. Usipokukatikia kabisa, unafunga kwa woga. Mwenyewe alikuwa akiuvuta uzi mpaka ndoano inainama kidogo kwenye jiliwa, halafu anauachia kiasi cha pumzi moja na kuuzungusha. Nilimtazama majuma kadhaa kabla sijagundua kwamba anasikiliza. Uzi uliokaribia kukatika una mlio mwembamba.

Sasa macho. Watu hutazama mbawa na rangi. Mimi natazama kichwa, ile sehemu ndogo iliyo nyuma tu ya tundu la ndoano, kwa kuwa ndiyo hufungwa mwisho, na fundi aliyekosea hesabu mwanzoni hulipia deni lake hapo. Akianza mwili mbele mno, akikosa kuiachia kola nafasi, hujikuta amefika kwenye tundu akiwa bado ana unyoya wa kufunga. Basi anabana, anarundika, na kichwa kinakuwa kinene kama njegere, au uzi unapanda juu ya tundu. Tundu lililozibwa na uzi au vanishi ni balaa la mvuvi: uko bwawani saa kumi na mbili jioni, samaki wanaruka, na wewe unachokoachokoa tundu kwa ncha ya flai nyingine huku miwani imebaki kwenye gari. Kichwa kizuri ni kidogo, kimechongoka kuelekea tundu, na kati yake na tundu kuna ufa wa chuma tupu unaoonekana. Fundo la kumalizia ni lile ambalo uzi hujizungukia wenyewe mara nne au tano, kisha ncha ikavutwa na kumezwa chini. Likifungwa sawasawa, vanishi huwa ni koti la mvua tu. Nimeona flai ambazo vanishi ndiyo iliyoshika kila kitu. Hizo huachia siku vanishi inapopasuka.

Ndoano yenyewe nitaipitia haraka, maana fundi haichongi, huinunua, ingawa anayenunua ndoano mbovu kwa kujua hawezi kusema hahusiki. Iburute ncha juu ya ukucha wa dole gumba bila kusukuma. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza na kuacha mstari mweupe, ni butu. Kile kijino cha kunasia kiwe kidogo. Mimi hukibana kwa koleo kabla ya kuvua, ili samaki mdogo arudi majini bila kupasuka mdomo. Namba za ndoano huenda kinyume na akili: namba ikikua, ndoano inapungua, kwa hiyo 16 ni ndogo kuliko 10. Kwa mabwawa yetu nyingi nitumiazo ziko kati ya 8 na 14.

Kutoka hapo tunaingia kwenye manyoya, na mtu asiponizuia naweza kuzungumza mpaka kesho.

Jogoo ana manyoya ya aina mbili kwa mfungaji: yanayosimama na yanayolala. Chukua unyoya mmoja wa shingo, uuinamishe mbele ya mwanga. Karibu na uti wake utaona sehemu yenye utando, laini, isiyopitisha mwanga vizuri. Kuelekea ukingoni nyuzi zake zinakuwa ngumu na zinang’aa. Utando hunywa maji. Kwa hiyo flai ya kuelea hutaka unyoya wenye utando mwembamba kabisa, kama mstari wa penseli, na nyuzi ngumu zinazorudi mahali pake ukizikunja. Flai ya kuzama hutaka kinyume chake: utando mpana, manyoya ya tetea ikiwezekana, yanayolainika yakilowa na kupumua kila mshipi unapovutwa. Wafugaji wa Marekani, kama Whiting Farms ya Colorado, wamechagua vizazi kwa vizazi vya majogoo kwa ajili ya manyoya tu, na ngozi moja ya shingo la jogoo wao ina manyoya marefu, membamba, yaliyolingana kiasi cha kumtia mtu wivu. Bei yake pia inamtia mtu wivu, wa aina nyingine. Jogoo wetu wa kienyeji hawezi kushindana naye kwenye flai ya kuelea. Unyoya wake ni mfupi na utando ni mwingi. Lakini kwa flai ya kuzama sijaona sababu ya kuagiza kitu ng’ambo. Kila Krismasi huwa napitia majirani kuomba shingo kabla ya jogoo kutiwa kwenye maji ya moto. Huwa wananipa, na huwa wanaulizana kitu kwa sauti ya chini nikishaondoka.

Kola ya flai ya kuelea hupimwa kwa mdomo wa ndoano, yaani ule uwazi kati ya ncha na shina. Nyuzi za unyoya ziwe na urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya uwazi huo. Zikizidi, flai inasimama kama ng’ombe mwenye miguu ya twiga na kupinduka. Zikipungua, ncha inazama na kuivuta yote. Kuna jaribio zuri la mezani: idondoshe flai kutoka urefu wa shibiri juu ya meza laini. Nzuri itatua juu ya ncha za kola na ncha za mkia, pembetatu iliyotulia, ndoano ikigusa meza kwa shida. Irudie mara tano. Inayoangukia ubavu mara tatu ina mbawa zisizolingana uzito, hata kama macho yako yanakuambia zimelingana.

Wauzaji hutaja sana manyoya ya tausi, zile nyuzi za mkia zenye kijani na dhahabu, na kweli hakuna kitu kinachong’aa vile majini. Flai ya Coachman, ya Kiingereza na ya zamani, mwili wake wote ni tausi. Lakini unyuzi wa tausi ni dhaifu kama jani kavu. Jino moja la trauti huukata, na mwili wote unafumuka. Kwa hiyo ukiona mwili wa tausi, tafuta kilichoushika. Fundi mwangalifu huzisokota nyuzi za tausi pamoja na uzi kabla ya kuzungusha, kama unayesokota kamba ya mkonge, au hupitisha juu yake waya mwembamba ukienda kinyume na mwelekeo wa tausi, ili jino likikata mahali pamoja waya ushike kwingine. Ikiwa huoni waya, na ukipuliza nyuzi hizo huoni uzi uliosokotwa ndani, umenunua pambo la samaki mmoja.

Halafu kuna marabu. Jina limetokana na korongo marabu, yule ndege mwenye upara na mfuko shingoni anayesimama juu ya mikakaya ya Barabara ya Mombasa, karibu na uwanja wa Nyayo, akiwatazama madereva kama hakimu anayesubiri rushwa. Zamani manyoya yake laini ya chini yalikuwa biashara. Siku hizi kinachouzwa kwa jina la marabu ni manyoya ya bata mzinga, na korongo wetu ameachiwa jalala lake kwa amani. Marabu yakiwa makavu ni kama pamba iliyochafuka. Yakilowa yanakuwa mkia mmoja unaotikisika hata maji yakiwa yamesimama. Na hapo ndipo bwawa linapotofautiana na mto.

Mtoni, maji hufanya nusu ya kazi. Flai inapita mbele ya samaki kwa sekunde mbili, mkondo unaitikisa, naye lazima aamue. Bwawani hakuna anayemharakisha. Trauti huzunguka, hukaribia, husimama karibu na flai yako akiitazama jinsi mama anavyotazama nyanya sokoni. Ndiyo sababu nyingi za flai nzuri za mtoni hukaa bwawani kama vibao: zimefungwa ngumu, zimesimama, hazina uhai mpaka zisukumwe na kitu. Flai ya bwawa hupimwa kwa kinachotikisika pasipo kuvutwa. Jaza bilauri maji, iloweshe flai kwa vidole mpaka mapovu yatoke, iachie. Tazama mambo mawili. Kwanza inavyoshuka: kwa usawa au kichwa mbele ni vizuri, ikishuka mkia chini kama jiwe lenye kamba, uzito umewekwa pasipofaa. Pili, ikishatua chini, subiri. Je, kuna kitu kinachoendelea kusogea? Flai bora za bwawa huchukua muda kutulia.

Chakula kikuu cha trauti wa bwawani si mdudu mwenye mbawa za kupendeza. Ni usubi wasiouma, jamaa ya wale wanaosimama juu ya Ziwa Victoria kama moshi wa moto wa nyasi. Mabuu yao huishi matopeni, na wengi ni wekundu kwa sababu wana hemoglobini, inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo. Wakikomaa wanakuwa pupa, wanapanda polepole mpaka chini ya uso wa maji, wanasimama hapo wakijipinda, na trauti hupita akiwameza mmoja mmoja bila haraka. Flai ya pupa huyu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo wengi wanaiharibu. Mwili wake ni uzi tu, mweusi au wa kahawia, umefuata mkunjo wa ndoano, na waya wa fedha umezungushwa juu yake kwa nafasi sawa. Mbele uvimbe mdogo wa kifua na kitawi cheupe cha matamvua. Kisha vanishi, mpaka uteleze kama mbegu ya paipai. Unene ndio ugonjwa wake. Mnunuzi anayeshika flai nyembamba mkononi huona amepunjwa, kwa hiyo fundi huongeza uzi ili ampendeze, na samaki anaiacha. Ukikuta dukani flai ya pupa nyembamba mpaka ukahisi haijakamilika, chukua zote.

Kuna mtu aliyelielewa hili la wembamba kuliko wote, Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Wiltshire, Uingereza. Flai yake ya tunutu wa mkia wa fesanti haina uzi kabisa. Alichukua waya wa shaba, mwembamba kama unywele, akafungia nao nyuzi za mkia wa ndege huyo. Waya ukawa uzi, ukawa uzito, ukawa na mng’ao wa chini unaopenya kati ya manyoya. Vitu viwili tu juu ya ndoano. Nikitaka kujua fundi ni wa kiwango gani humwomba anifungie hiyo, kwa sababu haina mahali pa kujificha. Waya haunyooki kama uzi. Ukikosea mzunguko mmoja unabaki umekosea. Uvimbe wa kifua lazima ujengwe kwa waya kwanza, laini, ukipungua kuelekea mkia kama karoti ndogo, kisha manyoya yaufuate. Ncha tatu au nne za manyoya ziachwe nyuma kama mkia, fupi. Zinazouzwa nyingi zina uzi, na kifua kilichotunishwa kwa manyoya ya kijani yanayometameta, na zinanasa pia, sikatai, lakini si ile.

Anayeanza kufunga asianze na hiyo. Aanze na Woolly Bugger nyeusi, iliyobuniwa na Russell Blessing wa Pennsylvania mwaka 1967. Ni kubwa, inasamehe, na bwawani inaweza kuwa tunutu wa kereng’ende, kiluwiluwi, ruba au kifaranga cha samaki, kwa kadiri samaki anavyotaka kuamini. Ndoano namba 8 au 10 yenye shina refu. Tandika uzi kutoka nyuma ya tundu mpaka shina linapoanza kupinda, mizunguko ikigusana. Funga marabu kwa mkia, urefu sawa na shina, usizidi. Mkia mrefu unajisokota kwenye mkunjo wa ndoano, na samaki wanaung’ata nyuma ya ncha. Mabaki ya marabu usiyakate pale pale mkia ulipofungwa. Yalaze juu ya shina lote na uyafunge mpaka mbele, ili mwili usiwe na kilima na bonde. Funga waya, funga uzi wa manyoya wa mwili, uzungushe mpaka mbele, na acha nafasi ya vichwa viwili, sio kimoja. Nimesema viwili. Unyoya wa jogoo ufunge mbele, uuzungushe kwa nafasi kuelekea nyuma, kisha ulete waya kutoka nyuma kuja mbele ukivuka unyoya kila mzunguko, huku ukiutikisa waya kushoto na kulia ili usizilaze nyuzi. Waya huo ndio bima. Bila huo, jino likikata uti wa unyoya mahali pamoja, wote unafumuka na kufuata mshipi kama utepe wa harusi. Zako za kwanza kumi na mbili zitakuwa mbaya. Vulia hizo.

Mvua za masika zikianza, weka haya yote kando kwa siku chache. Kumbikumbi wakitoka jioni na upepo ukawasukuma juu ya bwawa, trauti, tilapia na besi mweusi hula bila adabu. Flai ya kumbikumbi sijaona dukani iliyonifaa, kwa hiyo nafunga mwenyewe: ukanda mwembamba wa sponji ya kandambili zilizochakaa, kahawia ikipatikana, umebanwa kwa uzi sehemu mbili ili uwe na vifundo, na mbawa za plastiki laini zilizolazwa bapa, ndefu kupita mwili. Kosa la kawaida ni kuifanya ielee juu mno. Kumbikumbi aliyeanguka majini hasimami. Amelala, mbawa zimegandia, nusu yake imo ndani. Kata sponji iwe nyembamba mpaka flai ikae ndani ya ngozi ya maji, utaiona kwa shida, na hilo ndilo unalotaka. Lakini usiisifu flai kwa siku hiyo. Jioni ya kumbikumbi hata kitako cha sigara kinaweza kupata mtu.

Tilapia anastahili zaidi ya sentensi chache ninazompa. Wavuvi wa trauti humdharau kama samaki wa sufuria, na ni kweli kwamba sufuriani ana heshima kuliko trauti, lakini kwenye flai ni mgumu: mdomo mdogo, hunyonya na kutema kabla hujahisi kitu. Ndoano namba 14, uzi mwekundu umezungushwa tupu na waya juu yake, buu la usubi basi, na uache litue chini. Dume la tilapia wa Nile huchimba kiota kama sahani kwenye kina kifupi na hufukuza chochote kinachoingia humo. Ukimwona hapo, mwache alinde. Besi mweusi wa Naivasha na mabwawa ya Limuru hana maswali mengi. Kubwa, nyeusi, yenye kelele.

Kama unanunua, usinunue moja. Omba dazeni na uzipange mstari juu ya kitambaa cheupe. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kufunga flai moja nzuri. Ufundi huonekana kati ya ya pili na ya kumi na moja. Mikia ilingane, mizunguko ya waya ihesabike sawa, vichwa viwe na ukubwa mmoja. Nimewahi kununua dazeni kwenye duka moja ambalo juu kulikuwa na sita safi na chini yake sita zilizofungwa, nadhani, jioni ya siku ya mshahara. Tangu hapo humwaga zote mezani mbele ya muuzaji, na akikunja uso namwacha akunje.

Halafu nunua moja ya ziada, ile iliyo nzuri kuliko zote, na uikate. Shosho alinifanya nikate ya kwake. Aliniwekea kwenye jiliwa flai ya kuzama ya namba 12, akanipa wembe, akaondoka kwenda kutazama ugali. Ilinichukua muda mrefu kuipata ncha ya uzi. Nilipoanza kuifumua nikawa nahesabu: mizunguko mitano ya mkia, minne ya waya, miwili tu ya kola, miwili, na hakuna hata mmoja uliokaa juu ya mwingine bila sababu. Ya kwangu, ambayo nilikuwa nimeifunga asubuhi ile kwa namba hiyo hiyo, tulipoikata tulikuta mizunguko kumi na minane kwenye mkia peke yake, na bado ulikuwa unayumba. Wembe mmoja unatosha kwa flai ishirini hivi. Baada ya hapo huanza kutafuna uzi badala ya kuukata, na hesabu inapotea.